Chipukizi Wasiochaguliwa Kwenye Drafti ya NFL: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwaka mwishoni mwa Aprili, drafti ya NFL (zoezi ambalo timu za ligi ya futiboli ya Kimarekani huchagua kwa zamu vijana wa vyuo) ikishamalizika, timu hutangaza orodha ya vijana ambao hakuna aliyewachagua lakini wamepewa mkataba. Mashabiki wa timu husika huanza kuulizana usiku huohuo: kati ya hawa, nani atabaki hadi Septemba, msimu unapoanza? Maswali yaliyo hapa ndiyo yanayorudi kila msimu kutoka kwa wasomaji wa Kiswahili wanaofuatilia futiboli ya Kimarekani, iwe wako Dallas, Minneapolis, Nairobi au Muscat. Yamejibiwa kwa kirefu pale panapohitaji.

Mchezaji asiyechaguliwa ni nani hasa?

Ni kijana aliyemaliza au kuacha chuo, akawa na sifa za kuingia drafti, lakini raundi zote saba zikapita bila jina lake kusomwa. Timu ni 32, na kwa nafasi za fidia zinazoongezwa kwa baadhi ya timu, majina yanayosomwa hufika takriban 257. Anayebaki nje ya hapo yuko huru kusaini na timu yoyote inayomtaka.

Ukilinganisha vizazi, kumbuka jambo moja. Drafti haikuwa na raundi saba siku zote. Hadi 1992 zilikuwa 12, mwaka 1993 zikawa nane, na kuanzia 1994 ndipo zikawa saba. Kwa hiyo kijana anayekosa kuchaguliwa leo huenda zama zile angechaguliwa raundi ya tisa au ya kumi. Ndiyo maana siwapendi watu wanaolitamka neno "hakuchaguliwa" kana kwamba maana yake ni "hafai". Wengi wao wako hatua moja tu nyuma ya mlango.

Wanasainiwa vipi, na kwa nini haraka namna ile?

Rasmi, hakuna kusaini mpaka drafti imalizike Jumamosi jioni. Kwa uhalisia, simu huanza kulia raundi ya sita ikiendelea. Kocha wa nafasi anampigia kijana, skauti (mtafuta vipaji wa timu) anampigia wakala, na wakala ameweka mezani karatasi ya kila timu inayoonyesha nani ni wa kwanza, wa pili na wa tatu katika kila nafasi. Drafti ikifungwa tu, makubaliano mengi yanakuwa yameshafikiwa ndani ya saa moja au mbili.

Hapa kuna jambo ambalo mashabiki wageni hawalitarajii: kwa baadhi ya vijana, kutochaguliwa ni heri kuliko kuchaguliwa mwishoni mwa raundi ya saba. Aliyechaguliwa hana hiari, anakwenda alikoitwa hata kama mbele yake wamepanga foleni wachezaji sita. Asiyechaguliwa anachagua. Tony Romo alitoka Eastern Illinois mwaka 2003 bila kuchaguliwa. Denver walimtaka, Dallas pia walimtaka. Akatazama ni wapi palikuwa na upenyo kwa kwotabeki (mrushaji pasi anayeongoza ushambuliaji) kijana, akaenda Dallas. Ilimchukua hadi 2006 kuanza mechi, lakini nafasi ilikuwepo, naye alikuwa ameiona kabla.

Tofauti nyingine iko kwenye mkataba. Aliyechaguliwa husaini miaka minne, asiyechaguliwa husaini miaka mitatu. Akifanya vizuri, anafika kwenye mazungumzo ya fedha mapema zaidi.

Nikiona orodha ya majina 15, nianze kutazama nini?

Anza na fedha zilizodhaminiwa. Majina ya vyuo na urefu wa kijana vitasubiri.

Mkataba wa timu na chama cha wachezaji unaweka kikomo cha jumla ya bonasi za kusaini ambazo timu inaweza kuwapa wasiochaguliwa wote kwa pamoja, na kikomo hicho ni kidogo kwa viwango vya NFL. Lakini timu inaruhusiwa kudhamini sehemu ya mshahara wa kijana nje ya kapu hilo. Hapo ndipo inapofichua moyo wake. Kijana aliyepewa bonasi ya dola elfu chache ameitwa ili kambi iwe na watu wa kutosha. Kijana aliyedhaminiwa dola laki mbili na zaidi ameitwa kwa sababu kuna mtu ndani ya jengo aliyesimama na kusema, "Huyu namtaka."

Piga hesabu ndogo. Msimu wa 2025 mchezaji wa kikosi cha mazoezi (wachezaji wa ziada wanaofanya mazoezi na timu nje ya kikosi kikuu) alilipwa angalau dola 13,000 kwa wiki, na msimu una wiki 18. Hiyo ni dola 234,000. Ukiona kijana amedhaminiwa kiasi kinachokaribia hicho, timu imeshakwambia kimyakimya kwamba inamwona kuwa mtu wa kikosi cha mazoezi kwa mwaka mzima, kwa uchache. Mshahara wa chini wa chipukizi aliyeingia kikosi kikuu mwaka huohuo ulikuwa dola 840,000, na hapo utaona kwa nini vita ya Agosti ni kali.

Fedha si neno la mwisho. Malcolm Butler na Adam Thielen, ambao tutawaona mbele, walifika kwenye kambi za chipukizi kwa majaribio tu, bila hata mkataba mkononi. Hata hivyo, kama huna muda wa kutazama mechi za chuo za vijana wote 15, fedha zitakupa wale watatu au wanne wa kuanza nao.

Kwa nini hakuchaguliwa? Je, jibu la swali hilo lina uzito?

Lina uzito kuliko kitu kingine chochote, kwa maoni yangu. Timu zote 32 zilimpita, nyingine mara saba au nane. Zilikuwa na sababu. Kazi yako ni kuitafuta sababu hiyo, kisha ujiulize kama inatibika.

Sababu ya kwanza ni umbile. John Randle alitoka chuo kidogo cha Texas A&I mwaka 1990 akionekana mwepesi mno kwa mchezaji wa laini ya ulinzi. Inasimuliwa kwamba alijifunga mnyororo chini ya nguo ili mizani ya Minnesota Vikings isome uzito waliokuwa wanautaka. Alimaliza na rekodi ya kuwaangusha makwotabeki mara 137.5, na mwaka 2010 akaingia Ukumbi wa Umaarufu wa mchezo huu. Kilichomwokoa ni kwamba upungufu wake ulikuwa kwenye mizani tu. Kasi ya hatua yake ya kwanza na bidii yake isiyokoma havikuwa na mjadala. Kijana mdogo wa umbo mwenye kitu kimoja cha hali ya juu kabisa ni mtu wa kumtazama. Kijana mdogo wa umbo ambaye ni wa wastani kwa kila kitu, mpite.

Sababu ya pili ni chuo kidogo. Ubora wa wapinzani unatia shaka, basi timu zinaogopa. Shaka hii inatibika kirahisi kuliko zote, kwa sababu jibu linapatikana kambini ndani ya wiki mbili. Austin Ekeler alicheza chuo cha daraja la pili huko Colorado, akasainiwa na Chargers mwaka 2017. Mwaka 2022 aliongoza ligi nzima kwa tachidauni 18, yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani.

Sababu ya tatu ni jeraha. Hapa uwe mwangalifu sana. Madaktari wa timu wanaona picha za goti ambazo wewe na mimi hatuzioni. Kijana aliyetarajiwa raundi ya tatu akaanguka mpaka nje ya drafti, kisha ikasemwa ni "masuala ya kiafya", huyo hajaibwa na timu yako. Timu 31 nyingine nazo zilisoma faili lilelile.

Sababu ya nne ni kukosa nafasi inayoeleweka: mzito mno kuwa sefti (mlinzi wa nyuma kabisa), mfupi mno kuwa lainibeka (mlinzi anayesimama nyuma ya laini ya ulinzi). Makocha wengine huona tatizo, wengine huona chombo. Jason Peters alikuwa taiti endi (mchezaji anayezuia na pia kudaka pasi) huko Arkansas, Buffalo wakamsaini mwaka 2004, wakamhamisha kwenye laini ya mbele ya ushambuliaji, akawa mmoja wa walinzi bora wa kwotabeki wa kizazi chake.

Sababu ya tano ni kasi. Risiva (mdaka pasi) au konabeki (mlinzi anayemkaba risiva) aliyeachwa kwa sababu ni mzito wa mbio kwa kawaida ataendelea kuwa mzito wa mbio.

Ni nafasi zipi zenye upenyo mpana zaidi?

Wakimbiaji wa mpira, marisiva wa ndani, makonabeki, malainibeka, na wapigaji wa mpira kwa mguu. Hizi ni nafasi ambazo timu hubeba watu wengi au hazitaki kutumia chaguo la juu. Kwa wakimbiaji hasa, drafti imekuwa ikiwathamini kidogo kwa miaka mingi, na wazuri huponyoka. Phillip Lindsay, mtoto wa Denver aliyecheza chuo cha Colorado, alisaini na Broncos mwaka 2018, akakimbia yadi 1,037 na kuwa chipukizi wa kwanza wa ushambuliaji asiyechaguliwa kuitwa Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi.

Nafasi ngumu ni kwotabeki na mlinzi wa kushoto wa laini. Wenye maumbile hayo wanatafutwa kwa tochi, mara chache hubaki.

Kwa nini kila mtu anazungumzia timu maalumu?

Kwa sababu ndiko ajira iliko. Ni vikosi vinavyoingia uwanjani mpira unapopigwa kwa mguu.

Elewa hesabu ya kocha. Kambini kuna watu 90. Mwishoni mwa Agosti wanabaki 53. Siku ya mechi wanavaa jezi hadi 48. Wachezaji wa akiba, yaani risiva wa tano, konabeki wa tano na lainibeka wa nne, hawalipwi ili wakae benchi wakisubiri mtu aumie. Wanalipwa kufukuza mpira wa kuanzia (unaopigwa kuanzisha mchezo), kuzuia kwa ajili ya mrudishaji, kukimbilia mpira uliopigwa juu kwenye jaribio la nne na la mwisho la kusonga mbele. Kocha wa timu maalumu ana sauti kubwa kwenye kile kikao cha mwisho, na majina anayoyatetea ni ya wale wanaocheza kwenye vikosi vyake vinne au vitano.

Thielen ni mfano ninaoupenda kwa sababu ulipita hatua zote. Alitoka Minnesota State, Mankato, chuo cha daraja la pili. Mwaka 2013 alifanya majaribio na Vikings, akawekwa kikosi cha mazoezi mwaka mzima. Mwaka 2014 akaingia kikosi kikuu, na kazi yake ilikuwa timu maalumu. Novemba mwaka huo, dhidi ya Carolina, aliuzuia mpira uliopigwa, akauokota na kukimbia nao hadi tachidauni. Watu walianza kumzungumzia kama risiva baadaye kabisa. Mwaka 2018 alipata yadi 100 au zaidi katika kila moja ya mechi nane za mwanzo wa msimu. Lakini asingekuwepo 2018 kama hangekubali kazi ya 2014.

Kanuni mpya zimeongeza thamani ya kazi hii. Mwaka 2024 ligi ilibadilisha utaratibu wa mpira wa kuanzia ili urudishwe mara nyingi zaidi, na mwaka 2025 ikasogeza hadi yadi ya 35 mahali timu inapoanzia mpira usiporudishwa. Matokeo yake mipira inayorudishwa imeongezeka sana. Mrudishaji mzuri, au lainibeka mwepesi anayejua kukaba kwenye uwazi, ana soko leo kuliko miaka mitano iliyopita.

Kwa hiyo ukisoma wasifu wa kijana, tafuta: je, chuoni alicheza timu maalumu? Nyota wa chuo ambaye hakuwahi kukimbilia mpira wa kuanzia maishani mwake anajifunza kazi mpya akiwa na miaka 23, mbele ya watu wanaotaka nafasi hiyohiyo.

Nimeona video yake ya dakika tatu na ni moto. Niamini?

Hapana. Video hiyo imekusanya matukio 20 bora kati ya mamia. Tafuta mechi nzima, ikiwezekana ile ngumu kuliko zote alizocheza, dhidi ya chuo kikubwa. Mtazame anapokuwa hana mpira. Risiva anazuia wakati mwenzake ana mpira, au anasimama na kutazama? Konabeki akipitwa, anafanya nini kwenye mchezo unaofuata? Lainibeka anasoma mchezo mara ngapi kabla ya kusogea? Mambo haya hayawekwi kwenye video fupi, lakini ndiyo anayoyaandika skauti.

Vipi kuhusu namba za mbio za yadi 40 na kunyanyua vyuma?

Zina maana, ila uliza zilipimwa wapi. Majaribio makuu ya Indianapolis hualika takriban wachezaji 300 na kitu, na wengi wa wasiochaguliwa hawakualikwa. Namba zao hutoka kwenye siku ya majaribio ya chuo chao, ambako kijana yuko nyumbani, amelala kitandani mwake, na saa zinashikwa na skauti wa timu mbalimbali kwa mkono. Punguza kidogo imani yako.

Kisha tazama namba inayohusu kazi yake. Kwa konabeki ni urefu wa mikono na wepesi wa kugeuka. Kwa mchezaji wa laini, mbio za yadi 40 hazina habari nyingi. Yadi kumi za mwanzo zinayo.

Habari za kambi zianze kuaminiwa lini?

Mwezi wa tano na wa sita wachezaji hawavai kinga kamili na hakuna kugongana. Kila risiva anang'aa katika mwezi wa tano. Sifa za wakati huo zisome kwa furaha, kisha uziweke pembeni.

Mwisho wa Julai kambi ikifunguliwa na kinga zikavaliwa, tafuta kitu kimoja kwenye ripoti: *anacheza na nani*. Mwandishi akiandika kwamba kijana alidaka pasi nne, haijakwambia kitu. Akiandika kwamba aliingizwa na kikosi cha pili badala ya cha tatu, au kwamba Jumanne alifanya zoezi moja na walioanza, hiyo ni habari. Makocha husema maneno mazuri juu ya kila mtu. Mpangilio wa mazoezi hausemi uongo kwa sababu dakika za mazoezi ni chache na hakuna kocha anayezigawa kwa huruma.

Jambo la pili la kutafuta ni kama anahamishwahamishwa. Sefti anayejaribiwa ndani, nje na kwenye timu maalumu ndani ya wiki moja anapewa mtihani ambao wasiotakiwa hawapewi.

Mechi za maandalizi nizitazame vipi?

Tangu 2021 ziko tatu kwa timu nyingi. Kwa walio Afrika Mashariki, mechi inayoanza saa moja jioni New York mwezi wa nane huanza saa nane usiku kwetu, kwa hiyo wengi huitazama kesho yake ikiwa imerekodiwa. Hilo lina faida: unaweza kuruka moja kwa moja mpaka robo ya tatu na ya nne, ambako vijana hawa huchezea.

Jiulize anacheza dhidi ya nani. Tachidauni ya dakika ya mwisho dhidi ya konabeki ambaye kesho ataachwa ina uzito mdogo. Kazi nzuri kwenye robo ya kwanza, dhidi ya wachezaji wa kudumu, ina uzito mkubwa hata kama haikuzaa namba. Na tazama mipira ya kuanzia: kama hayumo kwenye kikosi chochote cha timu maalumu kufikia mechi ya pili, mazungumzo juu yake yamekwisha, isipokuwa awe kwotabeki au wa laini.

Wako wanaovunja kanuni hii. Agosti 2010 Victor Cruz, kijana wa New Jersey aliyetoka chuo cha Massachusetts, aliwafunga Jets tachidauni tatu na kupata yadi 145 katika mechi ya maandalizi akiwa na Giants. Timu ikambakiza. Msimu huo hakudaka pasi hata moja, aliumia msuli wa paja. Uliofuata alipata yadi 1,536 na kutwaa Super Bowl, fainali ya ligi.

Nipe mfano mmoja unaoeleza yote haya.

Tarehe 1 Februari 2015, Glendale, Arizona. New England Patriots wanaongoza 28–24, Seattle wako yadi moja kutoka kwenye ushindi, zimebaki sekunde 26 hivi. Mpira unarushwa kwa Ricardo Lockette. Malcolm Butler anaruka mbele yake, ananasa pasi, na Super Bowl inakwisha.

Watu hulikumbuka tukio hilo kama bahati. Rudi nyuma uone. Butler alitoka West Alabama, chuo cha daraja la pili. Mei 2014 alifika New England kwa majaribio ya siku chache, akapewa mkataba baada ya hapo. Katika mazoezi ya kuelekea fainali, kikosi cha mazoezi cha Patriots kiliigiza mchezo uleule wa Seattle: marisiva wawili wamesimama kwa mpangilio wa kubanana, mmoja anazuia njia, mwingine anakata ndani. Butler alizunguka nyuma ya kizuizi, akachelewa, tachidauni ikafungwa juu yake. Akaambiwa lazima aupate ule. Jumapili, alipouona mpangilio, hakuzunguka. Alikwenda moja kwa moja mahali mpira ulipokuwa unakwenda.

Sasa tazama waliokuwa wanamzunguka. Aliyezuia kizuizi kisimfikie ni Brandon Browner, konabeki ambaye naye hakuchaguliwa mwaka 2005 na akapitia ligi ya Kanada. Risiva aliyekabwa na Browner, Jermaine Kearse, hakuchaguliwa mwaka 2012. Lockette aliyerushiwa mpira, kutoka Fort Valley State, hakuchaguliwa mwaka 2011. Wanne waliokuwa kwenye kiini cha mchezo ule, wawili kila upande, wote walipitwa na timu zote 32. Kila mara mtu akiniuliza kwa nini napoteza muda na orodha ya mwisho wa Aprili, humwonyesha mchezo ule.

Je, kwotabeki asiyechaguliwa anaweza kufika?

Mara chache, na kwa njia ndefu. Kurt Warner aliachwa na Green Bay mwaka 1994, akafanya kazi ya kupanga bidhaa kwenye rafu za duka la vyakula huko Iowa, akacheza futiboli ya ukumbini na Ulaya, kisha msimu wa 1999 akawa mchezaji bora wa ligi na wa Super Bowl akiwa na Rams. Warren Moon hakuchaguliwa mwaka 1978, akaenda Edmonton, kwenye ligi ya Kanada, kwa miaka sita. Ni vigumu kuitenganisha hadithi yake na ubaguzi wa zama zile dhidi ya makwotabeki Weusi. Wote wawili wako Ukumbi wa Umaarufu. Kwa kijana wa leo, lengo la mwaka wa kwanza ni kuwa kwotabeki wa tatu wa timu.

Na wapigaji?

Hapa usihesabu drafti kabisa. Adam Vinatieri, aliyefunga pointi 2,673, nyingi kuliko mtu yeyote katika historia ya ligi, hakuchaguliwa mwaka 1996 na alianzia Amsterdam, kwenye ligi ya Ulaya. Kwa wapenzi wa soka kuna Brandon Aubrey: alicheza soka chuoni Notre Dame, akachaguliwa kwenye drafti ya MLS (ligi ya soka ya Marekani na Kanada) na Toronto, akawa mhandisi wa programu, akajifunza kupiga mpira wa umbo la yai, akapita USFL, ligi ndogo ya futiboli. Mwaka 2023 Dallas walimsaini, naye akafunga mipigo yake 35 ya mwanzo mfululizo. Mpigaji anahukumiwa kwa kitu kimoja, na kila mtu anakiona.

Akiachwa mwisho wa Agosti, ndiyo basi?

La, na hapa ndipo mashabiki hukata tamaa mapema. Kila timu ikishuka kutoka 90 hadi 53, ligi nzima inaachia zaidi ya watu elfu moja na mia moja kwa wakati mmoja. Kijana aliyeachwa hukaa saa 24 kwenye orodha ambayo timu nyingine zinaweza kumdai. Asipodaiwa, yuko huru, na mara nyingi timu yake ileile humrudisha kwenye kikosi cha mazoezi chenye nafasi 16. Timu nyingine huwaacha vijana kwa makusudi siku hiyo zikiamini hakuna atakayewadai, kwa sababu soko limejaa.

Kutoka kikosi cha mazoezi anaweza kupandishwa kwa mechi tatu bila kuingizwa rasmi kwenye 53. Timu nyingine pia inaweza kumchukua, mradi imweke kwenye kikosi chake kikuu. Arian Foster alianzia huko na Houston mwaka 2009. Mwaka uliofuata aliongoza ligi kwa yadi 1,616 za kukimbia. James Harrison aliachwa mara kadhaa baada ya 2002, akapelekwa hata Ulaya, kisha mwaka 2008 akawa mlinzi bora wa ligi.

Vyuo kulipa wachezaji kumebadilisha nini?

Tangu 2021 wachezaji wa chuo wanaruhusiwa kupata fedha kutokana na majina yao. Kijana ambaye zamani angetoka na kujaribu bahati sasa anaweza kubaki chuoni mwaka mmoja zaidi na kulipwa vizuri. Kwa hiyo orodha za wasiochaguliwa zina watu wakubwa kidogo kwa umri, na vipaji vibichi vimepungua. Tazama umri: miaka 24 au 25 maana yake amekaribia kilele chake.

Kuna njia kwa kijana wa Afrika Mashariki?

Ipo, nyembamba, na kuna aliyeshaipita. Daniel Adongo, Mkenya aliyekuwa mchezaji wa raga, alisainiwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kuwahi kucheza futiboli ya Kimarekani. Alianzia kikosi cha mazoezi, na Desemba mwaka huohuo akaingia uwanjani kwenye timu maalumu, Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Zingatia mlango alioingilia.

Tangu 2017 kuna mpango rasmi wa ligi wa kuwaandaa wachezaji wa mataifa mengine. Jordan Mailata, mchezaji wa raga wa Australia, alipitia humo, akachaguliwa raundi ya saba mwaka 2018 na msimu wa 2024 akawa bingwa na Philadelphia. Kuanzia 2024 kila timu inapewa nafasi moja ya ziada kwa mchezaji wa mpango huo, yaani wa 91 kambini na wa 17 kwenye kikosi cha mazoezi, kwa hiyo kumweka hakumnyang'anyi mtu mwingine kitanda. Mwaka 2023 NFL ilifanya kambi yake ya Afrika jijini Nairobi. Wanachotafuta ni miili na mwendo: kijana mrefu, mzito, mwenye mguu mwepesi, awe ametoka kwenye raga, mpira wa kikapu au riadha ya kurusha. Antonio Gates alicheza mpira wa kikapu tu huko Kent State, akasainiwa na Chargers mwaka 2003, akafunga tachidauni 116, na mwaka 2025 akaingia Ukumbi wa Umaarufu. Mchezo wenyewe kocha wa NFL atamfundisha. Urefu wa sentimita 196 na mguu unaogeuka kama wa mtu mfupi, hivyo lazima aje navyo mwenyewe.